Ushauri: nina fremu ya madera Kariakoo, nataka kuuza mtandaoni hadi mikoani

Mama Madera: Habari zenu wakuu. Nauza madera na vitenge Kariakoo. Wateja wa mlangoni wamepungua, ila nikiweka picha status naulizwa bei na watu wa Mbeya, Mwanza, hata Kigoma. Tunakwama kwenye hela. Mteja anataka alipe mzigo ukifika, mimi nataka alipe kwanza, basi tunaishia hapo. Kuna kijana ananishawishi anitengenezee tovuti. Nianze na tovuti au nibaki WhatsApp? Na hili la kuaminiana nyie mnalimalizaje?

Fundi Simu: Dada, tovuti isubiri. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, walikuwa na tovuti, programu na matangazo kila kona, na bado Novemba 2019 walifunga Tanzania. Weka WhatsApp Business, ina katalogi ya picha na bei. Na bei iandike wazi! Hii ya "bei njoo inbox" inafukuza watu.

Muuza Viatu: Mteja mpya wa mkoani namrekodia video fupi: kiatu chenyewe, soli, namba, huku nataja jina lake na tarehe ya leo. Akilipa napeleka mzigo stendi ya Magufuli, namtumia picha ya risiti ya kifurushi, namba za basi na simu ya ofisi yao ya huko. Nauli ya mzigo ni juu yake, lakini mwambie kabla hajalipa. Akipokea salama mara moja, safari ya pili hakuulizi kitu. Wa hapa Dar mpelekee kwa boda, alipe akishaona.

Tausi: Chukua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, usipokelee kwenye laini yako binafsi. Mteja akiona jina la biashara linatokea anatulia. Na usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji ya muamala, angalia salio kwanza. Jirani yangu alitoa doti za vitenge kwa meseji ya kughushi. Jina la biashara umeshalisajili BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara?

Mama Madera: TIN ninayo, BRELA bado, nalifanyia kazi wiki hii. Asanteni sana. Sasa dera likiwa fupi kwa mteja wa Mwanza, nauli ya kurudisha analipa nani?

Muuza Viatu: Ukituma tofauti na alichoagiza, lipa wewe bila kubishana. Akibadili mawazo, analipa yeye. Ila kabla hujafunga mzigo mwombe ajipime kwa futi kuanzia begani hadi kifundo cha mguu, nawe upime dera lenyewe na umtumie picha futi ikiwa juu yake.