Mjadala: Je, Mfalme Hethum alikosea kuwaegemea Wamongolia?

Wadau, kila ukitajwa ufalme wa Waarmenia wa Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo), hukumu huwa ileile: Hethum wa Kwanza aliuponza kwa kujiunga na Wamongolia. Mimi napinga, ila si yote.

Tuanzie 1243. Waseljuki, Waturuki waliotawala Anatolia, majirani wenye nguvu kumzidi mbali, walisambaratishwa na Wamongolia pale Köse Dağ. Ufalme wa Hethum ni kipande cha ardhi kati ya milima ya Taurus na bahari. Angesimama na nani? Mwaka 1247 alimtuma nduguye Smbat hadi Mongolia, kisha mwaka 1254 akafika mwenyewe kwa Möngke, khan mkuu wa Wamongolia, baada ya kupenya nchi ya Waseljuki akiwa amebadili mavazi asitambuliwe. Mfalme mzima! Mtu wa aina hiyo alijua anachokifanya, na kunyenyekea kule kuliiokoa nchi.

Kuna doa moja, hata hivyo, ambalo siwezi kulifumbia macho. Mama yake sultani wa Waseljuki alikimbilia kwake kuomba hifadhi, naye akamkabidhi kwa Wamongolia. Mgeni wako humtoi. Mpaka leo linaniuma nikilisoma.

Kosa la kisiasa naliona baada ya Septemba 1260, Wamamluki wa Misri walipowashinda Wamongolia pale Ain Jalut, Palestina. Sultani wao Baybars alitaka maeneo ya mpakani na biashara iwe wazi, maana Misri haikuwa na mbao za kutosha, na Kilikia ilikuwa nazo. Hethum alimwogopa bwana wake Mmongolia, mazungumzo yakakwama. Agosti 1266 Wamamluki wakaingia, na mfalme hayupo: amekwenda kwa Wamongolia kuomba msaada. Mwanawe Thoros akauawa, mwanawe mwingine Levon akatekwa, mji mkuu Sis ukachomwa moto. Ili Levon arudi, ilibidi kuachia ngome za mpakani na kuwaomba Wamongolia wamfungulie Sungur al-Ashqar, rafiki wa Baybars. Mwaka 1269 Hethum akaacha kiti, akaingia monasteri.

Najua wapo watakaosema Baybars angeumeza ufalme hata kama angepewa alichotaka mapema. Basi wanijibu hili: mbona baada ya kuzipata ngome hizo, pamoja na mashambulizi yote yaliyofuata, ufalme haukuanguka mpaka 1375, Sis ilipotekwa?