Mfumo wa mamilioni unashindwa kuandika Ng'wandu!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna chama cha akiba na mikopo cha wauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wanachama wengi ni Wasukuma, kwa hiyo daftari limejaa kina Ng'wandu na Ng'washi. Wameuziwa mfumo mpya, na sasa kadi zinatoka "Ngâ€™wandu". Mama wa watu anafika benki anaambiwa jina halilingani na kitambulisho, arudi alikotoka.

Mkandarasi anasema simu za makarani ndizo mbovu. Mbovu kitu gani? Word na baadhi ya simu huipinda ritifaa (kile kialama cha ' kwenye jina) zenyewe, na ile iliyopinda katika UTF-8, namna ya kompyuta kuhifadhi herufi za lugha zote, ni baiti tatu (vipande vitatu vya data): E2 80 99. Wewe umeacha muunganisho wa MySQL (hifadhidata ya mfumo) kwenye latin1, mpangilio wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi, basi kila baiti ikahesabiwa herufi kamili: â, €, ™. Halafu anafungua skrini yake, "mbona huku liko sawa?" Liko sawa kwa sababu skrini hiyo inasoma kwa kosa lile lile ililoandikia! Programu ya kuchapa kadi imeunganishwa kwa utf8mb4 (UTF-8 kamili ya MySQL), ndiyo inayokuumbua.

Kinachoniuma zaidi ni meseji. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, lakini ikiingia herufi moja ya ajabu kama hiyo, kikomo kinashuka hadi 70. Taarifa ya marejesho iliyotosha meseji moja inakatwa vipande, na gharama wanakatwa wanachama. Wauza dagaa, jamani!

Eti katengeneza: kahamisha majedwali kutoka utf8 kwenda utf8mb4. Hiyo ingesaidia emoji, maana utf8 ya MySQL inaishia baiti tatu na emoji zinataka nne. Majina yaliyoharibika yamehama na ubovu wao. Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua nakala, kurekebisha muunganisho, kisha kugeuza mistari mibovu tu: irudi latin1, iwe binari (baiti tupu), isomwe upya kama utf8mb4. Ukigusa na mizima unaweza kuipoteza.

Badala yake, jana kaagiza makarani waache ritifaa kabisa, waandike "Ngwandu". Yaani watu wabadili majina kwa ajili ya mpangilio aliosahau yeye!

Malipo yake ya mwisho hayajatoka. Aliyewahi kumbana mkandarasi wa hivi kimkataba aje, tuanzie wapi?