Skana ya mwili na mafundi wetu Mwanza: futi kamba istaafu?

MtuWaPasiansi: Wakuu, wenzetu huko nje wanajipiga picha kwa simu, programu inachora mwili mzima, nguo inakuja ya saizi yako peke yako. Kampuni moja ya Wajapani ilitangaza Zozosuit tangu 2017, na toleo la 2018 lilikuwa hivi: unavaa vazi jeusi la kubana lenye madoa meupe, unageuka mbele ya simu kama mshale wa saa, picha 12, vipimo vimetoka. Sisi Makoroboi fundi bado anaandika kifua chako nyuma ya risiti ya LUKU. Mnasemaje?

SatoMbichi: Mwanzilishi wa kampuni ile si ndiye yule tajiri aliyelipia safari ya kuzunguka mwezi? Mwezini hakufika, na lile vazi waliacha kuligawa. Endelea.

BintiKirumba: Mimi skana naitaka iniambie gauni langu linakula mita ngapi, basi. Nilipeleka kitenge mita sita, sendofu ya mdogo wangu. Fundi akasema "kimetosha kwa shida." Jumapili iliyofuata nipo kanisani, binti yake mdogo kakaa benchi la mbele na sketi ya kitenge changu. Na marinda kamwekea.

FundiMabatini: Dada, nina miaka 19 kwenye cherehani, nimechoka kuitwa mwizi. Kitenge cha maua makubwa lazima maua yakutane kwenye mshono. Hapo kitambaa kinaliwa. Skana inalijua hilo?

BintiKirumba: Maua yalikutana vizuri sana. Kwenye sketi ya mtoto.

MzeeIgogo: Turudi kwenye mada. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipitisha watu kama 11,000 kwenye skana, maana mara ya mwisho kupima wanawake kwa wingi ilikuwa miaka ya 1950. Mitumba ya Mlango Mmoja imekatwa kwa miili ya huko, ndiyo maana kiuno kinapwaya na hipsi hazipiti. Sisi nani ametupima? Halafu hizo picha za mwili zikishapigwa, zinabaki kwa nani?

SatoMbichi: Shikamoo mzee. Hipsi za nani hizo unazozifuatilia Mlango Mmoja?

MzeeIgogo: Marahaba. Za mke wangu, kijana. Mimi nambebea mfuko.

FundiMabatini: Na vipande ni mazoea ya kazi tangu zamani. Ukivitaka, sema siku ya kuleta kitambaa.

SatoMbichi: Kwa hiyo umekiri.

FundiMabatini: Nimekiri nini? Buchani ukinunua nyama unadai na ngozi?

MtuWaPasiansi: Jamani, niliuliza futi kamba.

BintiKirumba: Fundi, wewe una binti?

FundiMabatini: Nina wavulana watatu. Na kwa mleta mada: mashine inakupima umesimama wima. Mimi namkalisha mteja, namwambia ainame kama anasonga ugali, ndiyo najua mgongo unataka kiasi gani. Mwezi uliopita mmoja kanitumia vipimo vya simu, kiuno 30. Kaja kuchukua gauni, zipu imegoma katikati. Kumbe alivuta pumzi wakati wa picha. Lawama kwa nani? Kwangu. Leta kitambaa dada, nikate ukiwa umesimama hapo hapo.

BintiKirumba: Jumamosi nakuja. Mfuko wa vipande nabeba mwenyewe.