Tupeane uzoefu: ukiranja wa shule ya msingi ulikujenga au ulikuumiza?

Mwalimu wa Chamwino

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha shule ya msingi huku Chamwino na mwaka huu nimekabidhiwa ulezi wa viranja. Darasa la saba wakishamaliza mtihani wao wa Septemba wanatuaga, uongozi unabaki kwa la sita, na ningependa wapya wawe wameshatembea na wa zamani kwa wiki kadhaa waione kazi kabla hawajakabidhiwa.

Utaratibu niliokuta ni wa siku nyingi. Walimu wanakaa ofisini, wanataja majina, kesho yake yanasomwa mstarini, makofi, imekwisha. Anayeteuliwa ni mrefu, au ana sauti, au anashika nafasi za juu darasani. Nataka safari hii watoto wapige kura. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na kwa mtoto wa kijijini sioni mahali pengine pa kuianzia haki hiyo zaidi ya shuleni.

Ila kura peke yake hainitoshi. Naamini kiranja akipewa kazi ya kweli, yenye jambo la kuamua yeye na wenzake, anakua. Akipewa fimbo na karatasi ya wapiga kelele, anaharibika yeye na anawaharibu wenzake. Nataka kusikia kwenu mliosoma au mnaosomesha Dodoma, Singida na kanda hii yote: ulikuwa kiranja wa nini, au uliongozwa na kiranja wa namna gani? Yale machungu tuyaseme, ila tusitaje shule wala mtu.

Mzee wa Kongwa

Mwalimu, umenikumbusha mbali. Nilisoma miaka ya sabini huku Kongwa. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na walimu wetu waliichukua kwa uzito: shule iwe jamii yenye shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba hilo. Sehemu nyingi waliishia kwenye jembe, kuamua hakukuwepo. Kwetu tulipata vyote viwili, ndiyo maana nasimulia.

Nilikuwa kiranja wa kilimo. Kabla ya mvua za Desemba tulikaa chini ya mbuyu, kila darasa na mwakilishi wake, kugawana vipande na kuamua mbegu. Mwalimu wa kilimo alikuwa mgeni kutoka mkoa wenye mvua nyingi, akataka mahindi shamba zima. Nikasimama nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba baba zetu hawafanyi hivyo. Mahindi huku ni kubahatisha. Mvua ikisimama Februari, na mara nyingi inasimama, unabaki na mabua. Tulimwomba mtama. Wenzangu walinyamaza wakidhani nitachapwa. Mwalimu akauliza wa darasa la nne, akauliza wa la tano, wote wakasema mtama. Akasema sawa, nusu kwa nusu.

Februari mvua ikasimama. Mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Mtama ukavumilia, mvua iliporudi ukabeba. Yule mwalimu, Mungu amrehemu, alituita tena chini ya mbuyu akasema mbele ya shule nzima kwamba wanafunzi walikuwa sahihi. Sijawahi kusahau. Wakoloni hapa hapa Kongwa walianzisha mpango wa karanga mwaka 1947 kwa matrekta na fedha nyingi, wakaufunga 1951, na katika yaliyowaangusha ukame umo. Sisi tuliulizwa tukiwa na kaptula zilizotoboka.

Baada ya mavuno nilishika daftari. Debe kwa debe, yaliyoingia ghalani, yaliyopikiwa uji, yaliyouzwa kununulia mipira. Kamati ya shule ikikaa, naitwa nasoma. Mzazi akiuliza, najibu mimi, mwalimu yuko pembeni. Nilikuja kuwa mweka hazina wa chama cha ushirika miaka mingi, na daftari niliyoshika ukubwani ilikuwa na mistari ile ile.

Mama wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Sisi wa mjini hatuna shamba, tuna darasa lililojaa. Tangu serikali ihamie Dodoma mtaa wetu umefurika, shuleni mtoto wa mtumishi wa wizara anakaa dawati moja na mtoto wa muuza mchicha wa Sabasaba. Kwangu hilo ni zuri. Lakini kwenye uchaguzi wa viranja lilionekana.

Mgombea mmoja alikuja na pipi, darasa zima likala. Mwenzake, binti wa jirani yangu, hakuwa na kitu, akasimama akasema akichaguliwa vyooni hakutakosa maji. Pipi zikashinda. Nilimpigia simu mwalimu wao nikamweleza ninavyoona: tukiwazoesha kura ya pipi wakiwa na miaka kumi na mbili, hatutawaachisha wakiwa na arobaini. Mwalimu alikuwa ameshaona. Hakufuta matokeo, alisema ni kura zao. Ila yule binti akamfanya kiranja wa afya.

Sasa binti alitimiza ahadi. Maji ya bomba yanakatika huku, mnajua. Alipanga madarasa kwa zamu, watoto wanne kwa siku, kila mmoja dumu dogo la lita tano, wa la kwanza na la pili hawabebi. Zamu aliiandika mwenyewe akaibandika mlangoni kwa ofisi. Mwaka uliofuata alipigiwa kura bila hotuba.

Mwalimu wa Chamwino, naomba uweke sheria mapema: hakuna kugawa kitu wakati wa kampeni, hata bigijii.

Mpita Njia

Mimi naona tofauti. Mtoto anaenda shule kusoma. Kiranja anafungua madarasa alfajiri, anasimamia usafi, anapanga mistari, mwalimu akichelewa anaambiwa awanyamazishe wenzake. Anasoma saa ngapi? Mwanangu alikuwa kaka mkuu, akaanza kushuka, nikaenda nikaomba avuliwe. Walimu wafanye kazi yao.

Mwalimu wa Bahi

Ndugu Mpita Njia, hoja yako ina uzito na wala sikupingi kwenye lile la kusimamia darasa. Kiranja si mwalimu wa akiba. Kwetu tulikubaliana kwamba kipindi kikianza hakuna kiranja nje, awe wa zamu au wa chakula. Kengele ya pili ikilia wote ndani. Tukaongeza viranja wasaidizi ili zamu isimwangukie mtoto mmoja kila siku. Kaka mkuu wetu anafungua darasa moja tu, la kwake.

Lakini kumvua siyo jibu pekee. Huenda alibebeshwa mno.

Kijana wa Manyoni

Mimi sikuwa kiranja. Mimi nilikuwa jina kwenye karatasi.

Darasani kwetu kiranja aliandika wapiga kelele na wanaoongea kilugha. Ukiwa na ubuyu au kashata jina linafutwa. Nyumbani kwetu shilingi ya ubuyu haikuwepo, kwa hiyo nilikuwa kwenye orodha hata siku ambazo sikufungua mdomo. Mwalimu hakuwahi kuuliza. Anasoma, unatoka mbele, unainama.

Kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu. Alianza la kwanza hajui Kiswahili, nyumbani tunaongea Kigogo. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kigogo. Kiranja akamwandika. Mtoto akajikojolea palepale, na alasiri akachapwa kwa kuongea kilugha. Hakurudi shule mpaka mama alipomfuata mwalimu wa la kwanza, mama mmoja mwema sana, aliyemketisha karibu na meza yake na kumfundisha maneno ya kuombea ruhusa kwanza kabla ya a e i o u.

Niseme ukweli, simchukii yule kiranja. Alikuwa mtoto. Waliompa karatasi walikuwa watu wazima.

Mwalimu wa Bahi

Pole sana kaka. Na walimu wenzangu mnaosoma hapa, tukumbushane: kanuni zetu za adhabu ya viboko zinamhusu mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na visizidi vinne. Mwanafunzi hayumo kabisa. Kiranja anayetembea na fimbo mstarini anavunja kanuni tuliyomvunjisha sisi.

Karatasi ya majina tuliifuta. Badala yake kila Ijumaa viranja wa madarasa wanakaa na mwalimu wa zamu, kila mmoja anataja jambo moja lililoharibika na jambo moja lililokwenda vizuri darasani mwake. Majina ya watu hayatajwi. Wiki za kwanza walikuwa wanasema "hakuna tatizo mwalimu". Sasa wanasema mpaka tunakosa majibu: mlango wa choo cha wasichana haufungi, mwalimu fulani hajasahihisha madaftari, la tatu wanagombania kitabu kimoja watoto sita.

Binti wa Mpwapwa

Nilikuwa dada mkuu kijijini, miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili. Kwa desturi ya kwetu kaka mkuu ndiye aliyesimama mstarini na kutoa taarifa, dada mkuu anasimamia uji na kufagia. Sikulilalamikia, nilikuwa nimezoea.

Shule yetu ilihudumia vitongoji viwili vya ng'ambo ya korongo. Mpwapwa ina milima, mvua inanyesha juu, wewe uko kwenye jua, halafu maji yanashuka yote kwa pamoja, mekundu, na magogo ndani yake. Kiangazi korongo lile tulikuwa tunalichezea mchanga. Mwalimu mkuu aliweka utaratibu wa viongozi wa njia: kila kitongoji wanafunzi wanatoka pamoja, wadogo katikati, mkubwa mbele na mkubwa nyuma. Upande wa korongo mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Siku hiyo tulifika ukingoni, maji yako magotini mwangu. Wavulana wa la sita wakataka kuvuka, wamevuka hivyo mara nyingi. Nikatazama juu, mlima umefunikwa. Nikasema hakuna anayevuka. Mmoja akaniambia wewe ni wa uji, si wa kutuamrisha. Sikubishana naye. Nikawaambia wa la kwanza na la pili wakae chini washikane mikono, na nikamtuma mwepesi mmoja arudi kuita mwalimu. Wadogo walipokaa, wakubwa wakaona aibu kuwaacha. Haukupita muda mrefu yakaja. Mlio wake unausikia tumboni kabla ya masikioni.

Tulilala kwa mama mmoja wa kando ya njia, watoto wote, akatupikia ugali wa uwele na mlenda. Asubuhi wazazi walikuwa wamejaa ng'ambo wanatuita kwa majina, tunaitikia mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo mwalimu mkuu alibadilisha. Taarifa ya mstarini tukaitoa kwa kupokezana, wiki yake wiki yangu, na uji nao kwa kupokezana. Mwalimu wa Chamwino, hilo ndilo ombi langu kwako: usiwe na kazi ya kike na kazi ya kiume kwenye orodha yako. Na kama watoto wako wanavuka makorongo, chagua viongozi wa njia kabla hata ya kaka mkuu.

Mrangi wa Kondoa

Kiranja wa michezo hapa. Nilitunza jezi za timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, nazifua, nazihesabu, nazikunja. Hakuna iliyopotea mikononi mwangu. Mpaka leo naona fahari.

Mpita Njia

Dada wa Mpwapwa, nimesoma mara mbili. Asante. Mwanangu yuko hapa namsomea, anasema alipenda kazi ya mazingira, miche ya miti waliyopanda na kumwagilia, ila ile ya kunyamazisha darasa ndiyo iliyokuwa inamchosha. Sikuwahi kumuuliza ni ipi.

Mwalimu wa Bahi

Jambo jingine la kuangalia mbele. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo wakubwa wa shule watakuwa wadogo kuliko tuliowazoea, na anayepokea uongozi atakuwa wa la tano. Mtoto wa miaka kumi na moja huwezi kumkabidhi aliyoyabeba dada wa Mpwapwa. Tuanze kuwalea mapema, hata wa la tatu wapewe jambo dogo la kwao: kumwagilia miche, kugawa vitabu, kupokea wageni wa la kwanza wasiojua Kiswahili.

Kijana wa Manyoni

Hiyo ya mwisho mwalimu, iandike kwa herufi kubwa. Mtoto anayejua Kigogo na Kiswahili akae na mgeni asiyejua Kiswahili. Huo nao ni ukiranja.

Mwalimu wa Chamwino

Nimewasoma wote, nawashukuru. Kesho napeleka haya kwa mwalimu mkuu. Viongozi wa njia wanachaguliwa kwanza, kwa kila kitongoji, na wazazi wao wanaitwa. Hakuna kugawa chochote wakati wa kampeni. Kaka mkuu na dada mkuu wanapokezana kila kitu. Karatasi ya wapiga kelele inaondoka, kikao cha Ijumaa kinaingia, na nimeomba mwalimu mkuu awepo yeye mwenyewe, kwa sababu mlango wa choo mimi siwezi kuununua. Wakaribishaji wa la kwanza watatoka la tatu.

Mzee wa Kongwa, nimebakiwa na swali moja kwako. Lile daftari la mavuno, mwalimu alilikagua kila lini?

Mzee wa Kongwa

Kila Jumamosi, mwanangu. Na alihesabu madebe ghalani na mimi, hakuhesabu bila mimi kuwepo.