Msaada: kafeini ya majani ya chai imegoma kujitenga

KijanaWaBika: Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa pili, juzi tulikuwa na praktiko ya kutoa kafeini kwenye majani ya chai. Nimechemsha gramu 25 na maji na sodiamu kaboneti, nikachuja, ikapoa, nikamimina kwenye faneli ya kutenganishia nikaongeza dikloromethani (kimiminika kinachoyeyusha kafeini ila hakichanganyiki na maji), nikatikisa kama bibi anavyosukasuka kibuyu cha maziwa, basi katikati pakatokea kitu cha kahawia kama povu la kufulia, nusu saa nzima hakishuki. Kwa hasira nikafungua koki nikamwaga cha chini nikijua maji ndo yanakaa chini, cha juu nimekikausha naona utando tu wa kahawia. Jumatatu narudia, nimekosea wapi??

MamaTaitresheni: Pole mdogo wangu 😂 kafeini umeimwaga kwa mkono wako mwenyewe. Dikloromethani ni nzito kuliko maji, mililita moja ina gramu 1.33 hivi, inazama. Etha, kiyeyushi kingine, ndo inaelea. Halafu usimwage kitu chochote mpaka umalize kazi, hata kama una hasira.

Mzee_wa_Koki: Na hilo povu umelitikisa wewe. Chai ina tanini nyingi (zile zinazoleta ukakasi mdomoni), ile kaboneti kazi yake ni kuzigeuza chumvi ili zibaki kwenye maji zisifuate kafeini, sasa hizo chumvi zina tabia kama ya sabuni, ukitikisa kwa nguvu ndo hayo. Pindua faneli taratibu, mara nane tisa, kila baada ya muda geuza juu ufungue koki presha itoke (usielekeze usoni kwa mwenzio!!). Povu likija tia chumvi ya mezani kidogo, zungusha, iache itulie. Sisi tulikuwa tunalipitisha kwenye pamba.

KijanaWaBika: Asanteni sana. Nitegemee gramu ngapi?

MamaTaitresheni: Majani makavu yana kama asilimia 2 mpaka 4, kwa hiyo kwa gramu 25 haizidi gramu 1, ukipata 0.3 shukuru. Ikiwa na ukijani ni klorofili, ipashe moto polepole, inapanda mvuke na kuganda sindano nyeupe kwenye kioo cha baridi. Na dikloromethani ikaushie kwenye kabati la kufyonza hewa, ule mvuke unalevya.

jirani_mpole: Si ungekunywa tu hiyo chai kaka

KijanaWaBika: Pakiti nilinunua mimi, iliyobaki wa chumbani kwangu wanainywa bila hata kuniuliza