Eti sina kipandauso, nina GUBU! Kaniambia mafuta yakinitiririka usoni

Wakuu, naandika natetemeka. Yule mganga wa mafuta, wa ghorofani, mnamjua, simtaji.

Kipandauso kimenishika tangu juzi, upande wa kushoto tu, jicho linataka kutoka, mwanga wa simu kama jua la saa saba. Shoga yangu akaniambia nikajaribu Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Kihindi, wana shirodhara, ya kumiminiwa mafuta kichwani. Nikalazwa chali, chungu kinaning'inia juu, mafuta ya ufuta vuguvugu yanashuka kwenye paji kama uzi wa cherehani, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Usingizi ukaanza kunichukua, wa kwanza tangu Jumapili!

Ndipo akaziba tundu la chungu kwa kidole, akasema hadi benchi la nje wakasikia: "Dada, huna kipandauso. Una gubu."

GUBU! Mtu nimetapika siku mbili! Nimelala chali, mafuta yananiingia sikioni, hata kuinuka siwezi. Vitabu vyao wenyewe vina jina la maumivu ya nusu kichwa, ardhavabhedaka, kalibandika ukutani mwenyewe, halafu mimi nina gubu? Na hela kachukua yote. Taulo hakunipa. Nimepanda daladala nywele zinachuruzika, na sikioni nasikia lilelile: gubu.

Chumvi Nyingi: Nimesoma uzi wote. Mzee kaupata ugonjwa kwa kukutazama tu.

Mwenye uzi: Wewe ndiye uliyekuwa benchi la nje?

Mama Pacha: Pole mpenzi. Mimi huyohuyo alinitia matone puani, nikapiga chafya hadi magharibi. Akasema kapha inatoka, yaani ule ute wanaousema wao.

Jino la Dhahabu: Vidonge alikupa? Usimeze ovyo. Mwaka 2008 Wamarekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Mwenye uzi: Kanipa, na sivimezi. Ila gubu, jamani? Mbele za watu?

Korosho Moja: Hayo mafuta kakutoza ngapi? Huku Lindi ufuta wetu umeingia stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, wiki ya tano hii hela hatujaiona.

Chumvi Nyingi: Wiki tano unalia? Mbaazi zangu tangu msimu uliopita.

Mama Pacha: Na mizani yao je? Kilo zinayeyuka gunia likiwa bado mgongoni.

Korosho Moja: Mizani usiniguse, leo nitatukana.