Mkandarasi ana usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) lakini kazi mbovu: nimpeleke Bodi, mahakamani, au nimnyime salio niite mwingine?

Mkazi wa Kimara
Wakuu salaam. Nyumba ya vyumba vitatu, Kimara, Dar es Salaam, imekarabatiwa na kampuni iliyosajiliwa CRB. Kazi zilikuwa tatu: kuondoa ukuta kati ya sebule na jiko, kuongeza choo na bafu ndani ya chumba kikubwa, na kubadili paa kuwa la kuficha (bati linajificha nyuma ya parapeti, yaani kuta fupi za pembeni). Mvua zimeanza na paa linavuja, kuna ufa juu ya uwazi mpya wa sebuleni, na maji ya bafuni yanatokea kwenye ukuta wa korido. Mkandarasi simu anapokea, jibu lake ni "wiki ijayo". Naona njia tatu: malalamiko Bodi ili aadhibiwe, kesi ya fidia, au nizuie hela iliyobaki nimlete fundi mwingine arekebishe. Ipi inalipa? Naomba wanaojua utaratibu. Zile za "ungetumia fundi wa mtaani" mniachie.

Timazi
Umeeleza maumivu ukaficha vipimo vya daktari. Mkataba upo kwa maandishi? Kasaini nani, mkurugenzi au fundi aliyekuja na muhuri wa kampuni? Hela uliingiza akaunti ya kampuni au namba ya simu ya mtu? Usajili wake ni wa majengo, au ni mkandarasi wa umeme aliyejitanua? Daraja la ngapi, na ada ya mwaka huu kalipa? Nani alichora bimu (boriti ya zege inayobeba mzigo) ya huo uwazi? Kibali cha halmashauri kilikuwepo? Umelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Kokoto Nusu
La muhuri wa kuazima msilichukulie poa. Jina la kampuni linaonekana vizuri kwenye orodha ya Bodi mtandaoni, ila saiti anasimamia mtu ambaye ofisini hawamjui. Siku ya malalamiko kampuni inakana. Kukana kwenyewe hakuwasaidii sana maana kuazimisha usajili nako ni kosa, lakini wewe mwenye nyumba unakuwa umeshapoteza muda.

Mkazi wa Kimara
Mkataba upo, kurasa mbili, kasaini mkurugenzi na muhuri upo. Malipo yote yameingia akaunti ya kampuni. Majengo, daraja la saba. Ada sijaangalia. Bei 64,000,000, nimelipa 52,000,000, zimebaki 12,000,000 ambazo anazitaka kabla hajarudi saiti. Mchoro wa bimu haukuwepo, alisema "hiyo ni lenta tu". Kipindi cha matazamio (muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi) hakikuandikwa. Kibali... hapo tusikae sana.

Kipimo cha Tatu
Sasa tunaongea. Kabla ya kuchagua njia, piga hesabu ya hasara yako halisi, maana wengi wanadai tarakimu ya hasira.

Chukua mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wabunifu na wakadiriaji majenzi), apime kila kasoro na gharama ya kuirekebisha: kubomoa, kutoa kifusi, vifaa, ufundi, kupaka rangi upya. Tuseme anatoa milioni 17. Wewe bado umeshika milioni 12 ambazo zingekuwa zake kazi ingekamilika sawasawa. Hasara yako basi ni 17 toa 12, milioni 5, pamoja na gharama za ripoti na usumbufu utakaoweza kuuthibitisha. Ukienda kudai milioni 64 "kwa sababu kaharibu nyumba" utachekwa.

Ikija milioni 10, chini ya salio ulilonalo, huna kesi ya kufungua. Una kesi ya kujitetea akikudai yeye. Kwa hiyo usimlipe ile 12 hata akiapa. Mkataba wa kawaida wa Baraza la Taifa la Ujenzi unaruhusu kuzuia asilimia kadhaa mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Wewe hukuandika kifungu hicho, ila salio lililobaki mkononi linafanya kazi hiyohiyo.

Fagio Jipya
Mimi nitasimama na Bodi siku zote. CRB iliundwa kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 hasa kwa watu kama hawa. Barua inaelekezwa kwa Msajili, unaweza kuifikisha ofisi ya kanda. Weka jina la kampuni na namba ya usajili, mahali saiti ilipo, nakala ya mkataba, risiti za benki, barua ulizomwandikia zikiwa na saini ya kupokelewa, na ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi). Kila kasoro iwe na aya yake na picha yake, kwenye picha weka futi kamba ili ukubwa wa ufa usomeke. Usiandike "kazi mbovu". Andika "ufa wa mshazari, milimita 4, kona ya kushoto ya uwazi, urefu sentimita 70".

Bodi itamtaka ajibu, inaweza kutuma wakaguzi, halafu shauri linasikilizwa. Adhabu zinaanzia onyo hadi kusimamishwa au kufutwa kabisa. Mkandarasi anayeishi kwa zabuni anaogopa hilo kuliko mahakama, na wengi wanarudi saiti wenyewe baada ya barua ya kwanza.

Kokoto Nusu
Na akisimamishwa, haruhusiwi kufanya kazi. Nani sasa anarudi kurekebisha paa la mwenzetu? Bodi inamwadhibu, hela yako hairudishi. Hata orodha ya adhabu uliyotaja haina neno "alipe".

Mpangaji Mstaafu
Lakini si kuna mfuko pale CRB? Niliwahi kusikia CAF.

Kipimo cha Tatu
CAF ni mfuko wa kuwasaidia makandarasi wenyewe wapate dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Mwenye nyumba haumhusu hata kidogo.

Mzee wa Baraza
Upande wa mahakama. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, ndiyo inayokupa fidia ya hasara itokanayo na mkataba kuvunjwa. Hapohapo inakutazama kama ulichukua hatua za kupunguza hasara. Maana yake usiache paa livuje misimu miwili ili bili inone, halafu udai dari na makabati yote. Funika kwa turubai, tunza risiti ya turubai.

Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, kwa hiyo hakuna mbio, ila ushahidi wa kasoro unapotea mapema kuliko huo muda.

Mambo mawili yanayowaangusha watu. Kwanza, mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu utawekewa pingamizi usipokelewe kama ushahidi hadi ulipiwe pamoja na faini, kwa hiyo malizia TRA (mamlaka ya mapato) mapema. Pili, meseji za WhatsApp zinapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila lazima uthibitishe zimetoka wapi na hazijachezewa. Usibadilishe simu ukaifuta ile ya zamani.

Kwa milioni 5 anzia Mahakama ya Mwanzo.

Kifungu Kidogo
Mzee, hapo Mahakama ya Mwanzo tusikimbilie. Milioni 30 ni kikomo cha madeni yatokanayo na mkataba. Fidia ya kazi mbovu si deni, kiasi chake hakijulikani hadi mahakama ikitamke. Mkandarasi mwenye wakili ataweka pingamizi la mamlaka siku ya kwanza. Mahakama ya Wilaya ni salama zaidi.

Mzee wa Baraza
Akishalipa fundi mwingine na ana risiti, kiasi kinajulikana. Na kanuni ni kufungua shauri mahakama ya chini kabisa yenye uwezo.

Kifungu Kidogo
Kujulikana kwa kiasi hakugeuzi fidia kuwa deni. Tutakesha hapa.

Timazi
Wakati mnakesha, nyumba ina ufa juu ya uwazi. Nianze na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu.

Kuna nyumba Tegeta, kazi ileile ya kuunganisha sebule na jiko, mkandarasi mwenye usajili kamili. Uwazi ulikuwa mita 4.2. Alikata ukuta wa tofali za inchi 6 akamwaga "lenta" ya kina cha sentimita 20, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 25. Kwa makadirio ya haraka kina cha bimu inayokaa juu ya viegemeo viwili ni urefu gawa kwa 10 au 12, hivyo hapo ilitakiwa sentimita 35 hadi 42, na nondo za chini zipigiwe hesabu ya mzigo wa paa. Ncha za bimu zilikaa moja kwa moja juu ya tofali, kila upande kama sentimita 10. Mzigo wote wa paa ukashuka kwenye vipande viwili vidogo vya tofali za mchanga.

Mirunda iliyoshikilia zege ilitolewa siku ya saba kwa sababu fundi wa dari alikuwa anasubiri. Zege la siku saba halijafikia nguvu zake, bimu ikapinda kidogo na haikurudi. Nyufa za nyuzi 45 zikatokea kwenye kona zote mbili, mkandarasi akaja na skimu (plasta nyembamba ya kulainisha) akaziba, zikarudi. Akaziba tena, akaweka na wavu. Mwenye nyumba alikuwa akifurahi kila zinapozibwa. Mlango wa jikoni ulipoanza kukwama ndipo alipoitwa mhandisi. Kifaa cha kusomea nondo kilionyesha nondo zimekaa katikati ya bimu badala ya chini, hazikuwekewa vibonge vya zege vya kuzinyanyua sawasawa, yaani pale zinapohitajika hapakuwa na kitu. Ilibidi kuweka jeki za chuma upya, kubomoa lenta, kusimamisha nguzo mbili zenye msingi wake, na kumwaga bimu mpya.

Lililomponza zaidi ni kwamba kazi ilibomolewa kabla ya kuandikwa. Mkandarasi akajibu kwa maandishi kwamba bimu yake ilikuwa nzima, ushahidi mmetupa wenyewe jalalani. Hakukuwa na cha kumwonyesha mkaguzi.

Kwa hiyo mwenye uzi: leo chora mstari wa penseli kwenye ncha za ufa uandike tarehe, pima upana sehemu tatu, weka jeki mbili chini ya bimu. Mwite mkandarasi kwa barua kwa ukaguzi wa pamoja, mpe siku 14. Asipokuja, mhandisi akague peke yake na aandike kwamba alialikwa akakataa. Ndipo ubomoe.

Bibi Grauti
Kwenye bafu usikubali abomoe vigae vyote kwa kubahatisha. Kwanza jua maji ni ya wapi. Yakitoka usiku na mchana hata bafu lisipotumika, ni bomba la kuingiza. Funga mabomba yote, funga geji ya presha penye shawa, pampu presha, tazama nusu saa. Sindano ikishuka umepata. Isiposhuka, ziba tundu la maji machafu, jaza maji milimita 25, weka alama ya penseli, subiri saa 24. Yakipungua milimita 1 au 2 ni ya kukauka tu. Yakipungua zaidi, kizuizi cha maji chini ya kigae hakipo au hakikupanda ukutani. Kinatakiwa kipande angalau sentimita 15 pembeni pote, penye shawa hadi juu ya kichwa cha mtu. Na gonga vigae kwa sarafu: vinavyolia debe tupu vimewekewa gundi ya madonge matano.

Vipimo hivi mhandisi aviandike kwenye ripoti. Ndivyo Bodi na hakimu wanavyoelewa.

Mjengo Eastlands
Huku Kenya kontrakta anasajiliwa na NCA (mamlaka ya taifa ya ujenzi), kuanzia NCA1 hadi NCA8, na ni hivyohivyo, wao wanashughulika na leseni. Afadhali yetu ni korti ya madai madogo: hadi shilingi milioni moja ya Kenya, sheria ya 2016 inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Bonga na wakili wenu muone kama mna kitu kama hicho.

Mdau wa Oakland
California mkandarasi wa nyumba haruhusiwi kuchukua malipo ya awali zaidi ya asilimia 10 au dola 1,000, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Na lazima awe na dhamana ya dola 25,000 ambayo mwenye nyumba anaweza kuidai. Nyinyi mnalipa asilimia 80 halafu mnatafuta bodi.

Fagio Jipya
Mdau, hiyo dhamana mkandarasi wa daraja la saba wa Kimara ataitoa wapi? Tuzungumze yanayowezekana.

Halafu suala la kibali lisirukwe. Kuondoa ukuta na kubadili paa bila kibali ni kosa la mwenye nyumba na mkandarasi. Ukiita wakaguzi, halmashauri nayo inaweza kujua.

Kokoto Nusu
Ndiyo maana nasema azuie hela, amalize kimyakimya.

Kifungu Kidogo
Kimyakimya halafu mkandarasi anamfungulia kesi ya milioni 12? Atajitetea kwa ushahidi upi? Ripoti inahitajika njia zote tatu.

Mkazi wa Kimara
Jeki naweka kesho. Ada ya mwaka nimeangalia, jina lake lipo. Swali la paa: anasema atapaka silikoni kwenye parapeti basi.

Timazi
Silikoni juu ya plasta ni ya msimu mmoja. Bati la kukinga maungio linatakiwa kuingia kwenye mfuo wa milimita 25 uliochimbwa ukutani, likipanda sentimita 15 juu ya bati la paa. Gata iwe na mteremko na tundu la dharura, maana jani moja likiziba bomba maji yote yanarudi ndani. Mteremko wa bati ukiwa nyuzi 5 ni kama sentimita 9 kwa kila mita. Pima kwako uone.

Mpangaji Mstaafu
Paa la kuficha kwa mvua za Dar ni kujitafutia. Mgongo wa tembo wa zamani haukuwa na kesi.

Bibi Grauti
Mgongo wa tembo wa geji 32 (namba ikipanda bati ni jembamba) nao unavuja kwenye misumari, mzee.

Kokoto Nusu
Geji 28 ndiyo bati. Anayeuza 32 kwa jina la 30 naye apelekwe bodi gani?